Kusafisha mawe ya kale kwa jeli: hatua kwa hatua, na wapi pa kuishia

Watu wengi wakisikia jeli ya kusafishia mawe wanadhani ni dawa, yaani unapaka, uchafu unayeyuka, unafuta, kazi imeisha. Hapana. Jeli yenyewe haisafishi chochote, kinachosafisha ni maji au kemikali iliyomo ndani yake, jeli kazi yake ni kuwa breki, inayaachia maji kidogo kidogo juu ya uso wa jiwe ili yasinyonywe yote mpaka ndani. Ukilishika hilo mapema mengine yote yatakuwa rahisi kuyaelewa, maana kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia aina ya jeli mpaka dakika za kuiacha, ni uamuzi wa jiwe lako linaweza kuvumilia maji kiasi gani.

Sasa mtu atauliza, maji yana shida gani wakati mvua inanyeshea hayo mawe karne na karne? Shida ni kwamba jiwe la kale mara nyingi limebeba chumvi ndani yake, imetoka ardhini, imetoka kwenye saruji waliyolizibia watu wa baadae, imetoka baharini, imetoka hata kwenye kinyesi cha popo na ndege. Maji yakiingia ndani chumvi inayeyuka na kusafiri nayo, alafu jiwe likikauka ile chumvi inaganda tena kuwa fuwele karibu na uso, na fuwele zikikua zinasukuma kuta za vile vitundu vya jiwe mpaka uso unaanza kutoa unga au kubanduka magamba. Ongeza na vyuma vilivyofichwa ndani, zile pini walizounganishia mkono wa sanamu au kipande cha nguzo, vikipata unyevu vinashika kutu, kutu inavimba, jiwe linapasuka. Kwa hiyo ukichukua brashi na ndoo ukasugua unaweza ukapata uso unaong'aa leo na jiwe linalomomonyoka mwakani, ndo maana jeli zikaingia kwenye hii kazi.

Mwongozo huu ni kwa anayehusika kweli na kazi, mwanafunzi wa uhifadhi, fundi anayefanya kazi chini ya mhifadhi, msimamizi wa mkusanyiko au eneo la malikale anayetaka kuelewa kinachofanywa kwenye mawe yake. Kitu kikiwa kimesajiliwa au kinalindwa kisheria, kibali kwanza, na mhifadhi mwenye taaluma awepo. Kusafisha hakurudishwi nyuma, hilo halina mjadala, kilichotoka kimetoka.

Hatua ya 1: kabla hujagusa, jua unaangalia nini

Hii hatua watu wanairuka sana na ndo yenye uzito kuliko zote. Chukua lenzi ya kukuzia na taa, washa taa ukiwa umeilaza pembeni ili mwanga upite juu ya uso kwa ubavu, hapo utaona alama za patasi, mikwaruzo, magamba yaliyoinuka, vitu ambavyo mwanga wa mbele unavificha kabisa. Kama una taa ya urujuanimno, ile ya UV, zima mwanga mwingine uangalie tena, nta za zamani na vanishi na gundi mara nyingi huwaka rangi tofauti na jiwe lenyewe.

Unatafuta majibu ya maswali machache. Jiwe ni la aina gani? Marumaru na jiwe la chokaa kwa kawaida yote ni kalsaiti, yaani madini ya kaboneti ya kalsiamu, yanaliwa na asidi, kwa hiyo siki na limao na zile sabuni za chooni zisikaribie kabisa. Jiwe la mchanga inategemea kinachounganisha chembe zake, kama ni kalsaiti basi lichukulie kama jiwe la chokaa. Graniti ni ngumu zaidi ila nayo ina madini yenye chuma yanayoweza kutoa madoa. Alabasta ya jasi (jasi ni madini laini ya salfeti ya kalsiamu) ni kesi ya peke yake, yenyewe inayeyuka kwenye maji, na nitairudia mbele.

Alafu uchafu wenyewe ni nini? Vumbi lililokaa tu? Masizi? Nta na mafuta ya mikono ya watu? Mwani na kuvu? Au ni ule ukoko mweusi unaokaa kwenye sehemu ambazo mvua haizifikii, chini ya vikunjo vya nguo za sanamu, chini ya kingo za nguzo? Ukoko mweusi sio uchafu uliokuja kukaa juu tu, ni jiwe lenyewe lililobadilika. Gesi ya salfa inayotoka kwenye makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa inaungana na kalsaiti na unyevu, kalsaiti inageuka jasi, na ile jasi wakati inakua inameza masizi na vumbi ndani yake, ndo weusi unaouona. Kwa hiyo ukiukwangua unakwangua na kile kilichokuwa uso wa jiwe.

Na swali la mwisho, ambalo ndo gumu: je, hicho unachokiona ni uchafu kweli? Marumaru ya zamani yana patina, ule wekundu au unjano wa asali, saa ingine ni utando wa madini ya oksaleti uliokaa karne nyingi, saa ingine ni mabaki ya rangi aliyopaka mchongaji mwenyewe, maana sanamu nyingi za kale zilipakwa rangi, huo weupe tunaouzoea sisi ni wa baadae. Mwaka 1937 na 1938 huko London sanamu za Parthenon zilizoko British Museum zilikwanguliwa kwa vyuma vya shaba na karborandamu, ule unga mgumu wa kusugulia, ili zionekane nyeupe zaidi, na uso uliotoka pale haukurudi na hautarudi. Hakukuwa na ubaya wa nia, walitaka ziwe safi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua jeli, andika kwenye karatasi, kwa maneno, unataka kuondoa nini na unataka kubakiza nini, na umwonyeshe mtu mwingine mkubaliane.

Hatua ya 2: vipimo vidogo

Kwanza kavu. Brashi laini ya manyoya na kifyonza vumbi chenye mdomo uliofunikwa wavu, toa vumbi lote linalotoka bila maji. Utashangaa saa ingine nusu ya kazi inaishia hapo. Na ukiweka jeli juu ya vumbi ambalo hujalitoa unatengeneza tope, na tope linaingia kwenye vitundu.

Alafu tone la maji. Dondosha tone moja kwa sirinji sehemu isiyoonekana, angalia linanyonywa fasta au linakaa juu. Likikaa juu muda mrefu kuna nta au kitu cha kuzuia maji, na jeli ya maji peke yake haitafanya kitu cha maana. Likizama papo hapo jiwe lina kiu, unahitaji jeli inayobana maji zaidi.

Tatu ni pH, yaani kiwango cha asidi au ubesi, na chumvi, na hii ni mbinu nzuri sana ambayo haihitaji maabara. Unatengeneza kidonge kidogo cha jeli ya agari au agarosi, kipana kama sentimita moja hivi, unakibandika juu ya jiwe dakika chache, unakitoa na kukiweka juu ya kipimo cha mkononi cha pH, na kingine kwenye kipimo cha upitishaji umeme. Kile cha pili kinakuonyesha kiasi cha vitu vya chumvi vinavyoyeyuka pale juu. Ukipata namba kubwa sana upande mmoja wa sanamu na ndogo upande mwingine, tayari umejua wapi pa kwenda taratibu. Na namba hizo zinakusaidia kutengeneza maji yanayofanana na uso wa jiwe, sio makali kuliko ulivyoukuta.

Ukiona chumvi nyeupe zimetoka nje, uso unatoa unga ukiugusa, magamba yameinuka, simama. Hapo hakuna jeli ya kuanza nayo, kuna kazi ya kuimarisha uso kwanza, na hiyo ni kazi ya mhifadhi.

Hatua ya 3: kuchagua jeli

Kuna makundi mawili unayohitaji kuyajua. La kwanza ni zile nzito zinazopakika, haziwi ngumu, mfano etha za selulosi kama methili selulosi na kaboksimethili selulosi, gundi ya zanthani, na zile za asidi ya poliakriliki kama Carbopol. Hizi zinashika vizuri ukutani na kwenye michongo yenye mikunjo, tatizo lake ni masalio, zinaingia kwenye vitundu na kuzisuuza kunahitaji maji mengi, kitu ambacho ndo tulikuwa tunakikimbia. Carbopol ikichanganywa na viyeyushi ni kazi ya mhifadhi Richard Wolbers, ilibadilisha kabisa namna watu wanavyosafisha michoro ya rangi, na swali la masalio yake lilikuwa kubwa kiasi kwamba Getty Conservation Institute, taasisi ya uhifadhi ya Marekani, ilifanya utafiti mzima juu ya hilo. Kwenye jiwe lenye vitundu, mimi binafsi sizipendi isipokuwa uso umefungana vizuri.

La pili ni jeli ngumu, ambazo zikishaganda unazikata kwa kisu na kuzinyanyua kipande kizima. Agari, inayotoka kwenye mwani mwekundu wa baharini, agarosi ambayo ni agari iliyosafishwa zaidi, na jelani ambayo hutengenezwa na bakteria. Halafu kuna zile za viwandani zilizotengenezwa na watu wa CSGI, kituo cha utafiti kilichoko chuo kikuu cha Florence, kundi la Piero Baglioni, zingine zinanyumbulika sana na kubana maji vizuri kuliko agari, ila bei yake sio ya kila mtu.

Kwa jiwe anza na agari. Sababu ni kwamba inatengenezeka jikoni kwako, haina sumu, inabana maji, inatoka kipande kizima, na ina tabia moja ya ajabu ambayo ndo inaifanya ifae: inayeyuka kwenye joto la kama nyuzi 85 mpaka 95 lakini haigandi tena mpaka ishuke karibu na nyuzi 40 au chini ya hapo. Maana yake una muda wa kuipaka ikiwa vuguvugu na bado majimaji, inaingia kwenye kila mkunjo wa mchongo, alafu inaganda pale pale juu ya jiwe ikiwa na umbo la jiwe.

Hatua ya 4: kupika agari

Tumia maji yaliyokenekwa au yaliyoondolewa madini, sio ya bomba. Maji ya bomba yana chokaa na klorini zake, utaacha pete. Kwa uso mlalo au kazi ya kawaida chukua gramu 30 za unga wa agari kwa lita moja ya maji, hiyo ni 3%. Ukitaka ilegee zaidi na itoe maji zaidi shuka mpaka 1 au 2, ukitaka ibane zaidi panda 4 mpaka 5. Watu wengine wanadhani asilimia ni suala la ugumu tu, hapana, ndo kidhibiti chako cha maji, ikiwa juu jeli inabana, ikiwa chini inaachia.

Mwaga unga kwenye maji BARIDI huku unakoroga, ukimwaga kwenye maji moto inafanya madonge na madonge hayaondoki. Pima uzito wa chombo na kila kitu kilichomo, andika. Pasha kwenye maikrowevu au juu ya sufuria ya maji, koroga kila baada ya muda mfupi, mpaka ifike kwenye nyuzi 85 hadi 90 na isiwe na chembe. Iache ipoe igande, alafu ipashe mara ya pili. Hii mara ya pili watu wanaiona ni kupoteza muda lakini jeli inatoka laini zaidi na sawasawa zaidi, ifanye. Ukimaliza pima uzito tena, kilichopungua ni maji yaliyotoka na mvuke, yarudishe, la sivyo ile 3% yako sio 3% tena.

Ukitaka karatasi za jeli mwaga kwenye trei bapa unene wa nusu sentimita mpaka sentimita moja, funika, iache igande. Ukitaka kupaka, iache ipoe ikiwa kwenye chombo huku kipimajoto kimo ndani, ikifika kama nyuzi 45 na kushuka kidogo ikianza kuwa nzito kwenye brashi, hapo ndo wakati wake na ni mfupi, kuwa tayari. Usipake ikiwa ya moto zaidi, itakuwa nyepesi mno na itanyonywa kabla haijaganda, na hicho ndo chanzo cha masalio mengi ya agari yanayolalamikiwa.

Iliyobaki weka kwenye friji imefungwa vizuri, inaweza kuyeyushwa tena, ila ni chakula cha kuvu, ikianza kuota vidoa au kunuka itupe yote usikate upande mzuri.

Hatua ya 5: kubandika

Chagua sehemu ya jaribio, ndogo, sentimita mbili kwa mbili inatosha, mahali pasipo na macho. Weka vipande kadhaa vya jeli ile ile ukiviacha kwa muda tofauti, kimoja dakika 10, kingine 20, kingine 40, kingine saa nzima. Usibadilishe vitu viwili kwa mpigo, ukibadili muda usibadili asilimia, vinginevyo hutajua kipi kimefanya kazi. Piga picha kila kimoja kabla na baada kwa mwanga ule ule.

Uso ukiwa na wasiwasi wowote weka karatasi ya Kijapani kati ya jiwe na jeli, ile nyembamba yenye nyuzi ndefu, iloweshe kidogo ilale vizuri bila mapovu. Inapunguza masalio na inafanya jeli itoke bila kuvuta. Hasara yake ni kwamba kwenye michongo yenye kina haigusi kila mahali.

Jeli ya karatasi ibandike kwa kuibonyeza taratibu kwa vidole vyenye glovu, hewa isibaki chini, pakibaki hewa patabaki doa. Ya kupaka anzia juu kushuka chini, unene wa milimita 3 hadi 5, nyembamba zaidi inakauka kabla ya kufanya kazi na ikikauka kabisa inajivuta, na ikijivuta juu ya uso dhaifu inaondoka na chembe za jiwe. Kwa hiyo funika na nailoni nyembamba kama hewa ni kavu au kuna upepo, na kazi ya nje usiifanye juani. Kwa kuta na milango mikubwa kuna wanaopuliza agari ya vuguvugu kwa mashine, inagandia ukutani papo hapo na kufunika eneo kubwa kwa muda mfupi, ila mashine lazma iitunze ile nyuzi joto njia nzima.

Kinachotokea chini ya jeli ni hiki: maji yanatoka kidogo, yanalowesha uchafu, vile vinavyoyeyuka vinaingia ndani ya jeli na vinakaa humo humo. Ukiitoa utaona upande wa chini umekuwa wa kijivu au kahawia, wakati mwingine unapata ramani nzima ya uchafu wa uso. Usiitupe kabla hujaipiga picha, ni taarifa hiyo.

Hatua ya 6: kutoa na kusuuza

Inua kona moja kwa spachula ya plastiki, nyanyua taratibu kuelekea upande mmoja, usivute moja kwa moja kutoka kwenye uso. Uchafu uliolainika lakini haujatoka na jeli, upitie kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa kidogo, unaviringisha pamba, husugui. Badilisha pamba kila ikichafuka, pamba chafu inarudisha uchafu.

Kama ulitumia maji matupu suuza kidogo inatosha. Kama uliweka kemikali yoyote, kusuuza sio hiari, na njia nzuri ni kubandika jeli nyingine ya maji matupu mara moja au mbili, inavuta mabaki bila kulowesha jiwe upya. Pima kwa kidonge cha agarosi kama ulivyofanya mwanzo, upitishaji umeme ukirudi karibu na ule wa mwanzo umesuuza. Alafu iangalie kwa UV na kwa lenzi, vipande vya agari vilivyobaki kwenye vitundu na pembe vitoe kwa kijiti cha mti kabla havijakauka. Agari iliyobaki ni chakula cha viumbe vidogo, utaitwa tena mwakani kwa ajili ya kuvu.

Jiwe liache likauke kabisa kabla hujaamua chochote, jiwe bichi linadanganya, linaonekana jeusi na sawasawa. Marudio ya pili yasubiri mpaka hapo.

Maji yakishindwa

Nasisitiza maji kwanza kwa sababu watu wanakimbilia kemikali. Kwenye ukoko mweusi maji yana faida ya asili, jasi inayeyuka kiasi cha gramu 2 na kidogo kwa lita, kalsaiti haifiki hata gramu 0.02, tofauti ya zaidi ya mara 100. Maana yake maji yenye muda wa kutosha yataila jasi kabla ya kuligusa jiwe, na jeli inakupa huo muda. David wa Michelangelo alisafishwa mwaka 2003 hadi 2004 kwa mabandiko ya maji yaliyokenekwa kwenye nyuzi za selulosi na udongo juu ya karatasi ya Kijapani, na kulikuwa na ubishi mkubwa kabla, kuna waliotaka njia kavu tu. Kazi kubwa ilifanywa na maji.

Ukoko ukiwa mnene, kinachofuata ni kaboneti ya amonia ndani ya jeli. Inaigeuza jasi kuwa kalsaiti na kutoa salfeti ya amonia, ambayo inayeyuka sana na ndo maana lazma uisuuze, ukiiacha umeliongezea jiwe chumvi kwa mkono wako mwenyewe. Inanuka vibaya, fungua madirisha, vaa barakoa ya gesi sio ya kitambaa. Mchanganyiko mashuhuri wa familia hii ni AB57 wa Paolo na Laura Mora wa taasisi ya urejeshaji ya Roma, una bikaboneti ya amonia, bikaboneti ya soda, EDTA ambayo ni kemikali ya kukamata metali, dawa ya kuua vijidudu, vyote ndani ya kaboksimethili selulosi. Ndo uliotumika kwenye dari la kanisa la Sistine huko Vatikani miaka ya 1980 na ubishi wake haujaisha mpaka leo.

EDTA yenyewe niizungumzie kidogo. Inakamata kalsiamu, na kalsiamu ndo jiwe lenyewe. Haijui tofauti kati ya kalsiamu ya ukoko na kalsiamu ya pua ya sanamu. Ile yenye soda mbili ina asidi, usiiweke kwenye marumaru, ile yenye soda nne ina ubesi mkali. Kama lazma utumie kitu cha kukamata metali anza na sitreti ya amonia 2 mpaka 5% iliyosawazishwa pH karibu na 7 au 8, dakika chache, ukiangalia kila mara. Inasaidia sana kwenye vumbi lenye mafuta na madoa mepesi.

Kutu ni ngumu zaidi, inahitaji kitu cha kuirudisha chuma kwenye hali inayoyeyuka pamoja na kitu cha kuikamata, na ukikosea doa linasambaa ndani badala ya kutoka nje. Sio kazi ya kujifunzia. Madoa ya kijani ya shaba yanayoshuka kutoka kwenye sanamu za bronzi yanakubali kaboneti ya amonia vizuri zaidi.

Rangi za kupulizia za watu wa mitaani ndo mahali ambapo agari inafika mwisho wake, inapokea kiasi fulani cha ethanoli au asetoni lakini viyeyushi vya mafuta haipatani navyo. Hapo ndo zile jeli za kisasa zilizobeba maikroemalsheni, yaani matone madogo mno ya kiyeyushi ndani ya maji, zinapata nafasi, rangi inavimba, inalegea, unaiviringisha kwa pamba bila kuisukumia ndani. Ukimwaga kiyeyushi bila jeli rangi inakuwa wino na jiwe linainywa.

Mwani na kuvu usianze kwa kusafisha, ua kwanza, subiri vikauke, piga brashi, alafu jeli kwa madoa yanayobaki. Ukiweka agari juu ya vitu vilivyo hai umevilisha.

Na kuna bakteria wanaofanya kazi ya upande wetu. Kwenye kanisa la Medici huko Florence, kaburi la Lorenzo Mtawala wa Urbino lilikuwa na madoa yaliyotokana na mwili wa Alessandro de' Medici aliyezikwa humo mwaka 1537 bila kutolewa matumbo, na wataalamu wakawapeleka bakteria aina ya Serratia ficaria wakiwa ndani ya jeli wakayala. Habari zake zilitoka 2021. Ni jambo la kutia moyo mno, maana bakteria sahihi anakula doa na jiwe halimhusu.

Wapi jeli isitumike

Alabasta ya jasi na plasta ya jasi, narudi kwao kama nilivyosema. Zinayeyuka kwenye maji. Watu wamezisafisha kwa agari na wamefanikiwa, kwa asilimia ya juu na muda mfupi kabisa, kwa sababu jeli inabana maji vya kutosha, ila kama hujawahi kufanya marumaru kumi usianzie hapo.

Jiwe lenye rangi au dhahabu iliyobaki, usiweke jeli mpaka umejua kiunganishi cha ile rangi ni nini. Rangi iliyochanganywa na gundi ya wanyama au yai inatoka na jeli ya maji matupu, utaikuta upande wa chini wa kipande imelala vizuri kabisa, na hapo hakuna la kufanya.

Na kama kazi yako ni kutoa chumvi iliyo ndani kabisa, jeli ngumu sio chombo chake. Kutoa chumvi kunataka maji yaingie ndani alafu yarudi nje nayo, bandiko la selulosi na udongo linafanya hivyo, jeli imetengenezwa kuyazuia. Usiilaumu kwa kufanya kazi yake.

Wakati wa kuacha

Acha kabla hujaridhika. Ukifika mahali unasema bado kidogo tu, hapo ndo pa kuishia kwa siku ile, urudi kesho jiwe likiwa kavu, usimame mbali kiasi ambacho mtazamaji anasimama. Madoa yaliyokuwa yanakuudhi ukiwa na lenzi mara nyingi hayaonekani kabisa ukiwa mita tatu. Pia linganisha eneo na eneo, uso mmoja wa sanamu ukisafishwa sana na mwingine nusu, macho yataona viraka sio sanamu, na bora sanamu nzima iwe nusu safi kwa usawa.

Andika kila kitu siku ile ile: asilimia, unene, dakika, joto la chumba, unyevu wa hewa, marudio mangapi, namba za pH na upitishaji umeme kabla na baada, picha zenye namba na kipimo cha sentimita pembeni. Weka jina la bidhaa na toleo la unga wa agari, maana unga hutofautiana. Jeli iliyotumika na kemikali ikusanye kwenye chombo kilichofungwa na kuandikwa, usiimwage kwenye sinki wala bustanini.

Alafu panga tarehe za kurudi, baada ya mwezi, baada ya miezi sita, baada ya mwaka na msimu wa mvua kupita. Ukirudi angalia kingo za sehemu uliyosafisha kwanza, chumvi nyeupe ikitokea inatokea hapo kwenye mpaka, alafu angalia mikunjo ya ndani kwa UV kama kuna kinachoota, alafu pitisha kidole chenye glovu nyeusi juu ya uso uone kama kuna unga.